Safari ya hema Gombe: Mama alisema kambi alishatoka

NILIPOTAMKA neno kambi mbele ya mama yangu, aliweka kikombe chini, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza: “Mwanangu, kambi nilitoka mwaka 2012. Leo unanirudisha kwa kosa gani?”

Ilikuwa jioni ya mwezi Juni mwaka 2024, nyumbani kwetu Nyanza-Lac. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nanunua Kigoma, nauza Rumonge na Bujumbura. Mwaka ule, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa sisi tunaoishi kwa dagaa, miezi mitatu hiyo ni mirefu. Unahesabu akiba, unapunguza matumizi, unangoja.

Lakini ilikuwa pia mara ya kwanza kwa miaka mingi nikawa na siku za kukaa na watoto, na wao walikuwa wanakaribia kufunga shule. Ndipo likanijia wazo la kwenda Hifadhi ya Taifa ya Gombe, tulale usiku mbili ndani ya hema, ufukweni, chini ya miti.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu mnaufahamu msitu ule. Boti zinazotoka Kagunga kwenda Kibirizi huupita zikiambaa na ufuko. Sisi tunaupita tumekalia magunia, mawazo yetu yako kwenye bei ya soko, na hakuna anayeinua kichwa. Mimi nimeupita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sikuwahi kushuka.

Mama naye alikuwa na sababu yake. Tulikimbia Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Nilikuwa na miaka tisa. Tulifikishwa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, na humo tukaishi mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita nne nje ya kambi bila kibali. Kwa hiyo nilikaa mkoa wa Kigoma miaka 19, nikajifunza Kiswahili chake na nyimbo zake, bila kuliona ziwa lake hata siku moja. Mama alizaliwa pwani ya ziwa hilohilo upande wetu. Kwake, turubai ni kitu cha kulalia wakati huna pa kwenda.

Nilimweleza kwamba safari hii ni ya starehe, kwamba watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kulala pale, tena wanalipa. Alicheka hadi machozi yakamtoka. “Wanalipa? Basi sisi tulikuwa matajiri,” akasema.

Sikumlazimisha. Hata hivyo nilimhitaji, na sababu yake nitaieleza.

Kuulizia kabla ya kuondoka

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba kwa kuwa tunavuka mpaka kila wiki, safari yoyote ng’ambo ni kama ya biashara. Sivyo. Mfanyabiashara akikwama, analala kwenye magunia yake. Ukiwa na watoto huwezi. Kwa hiyo nilipokwenda Kigoma kudai madeni yangu, nilipitia ofisi ya hifadhi mjini nikauliza kila kitu.

Jambo la kwanza nililoambiwa lilinifurahisha. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wana viwango vyao vya ada, vilivyo chini sana kuliko vya wageni wa mbali, na hulipa kwa shilingi. Burundi iliingia katika Jumuiya hiyo Julai 2007, kwa hiyo nasi tumo. Ila lazima uonyeshe hati. Ada ya kuingia huhesabiwa kwa saa 24, na ada ya kupiga hema ni nyingine, kwa kila mtu na kila usiku. Tena usibebe mabunda ya noti ukidhani utahesabu mezani: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au kwa simu. Mwenye laini ya Tanzania kama sisi wa mpakani hapati tabu.

Jambo la pili lilinipa kazi. Mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kufuata sokwe. Binti yangu alikuwa na miaka 16, lakini mdogo wake wa kiume alikuwa na 11. Ni lazima mtu mzima abaki naye ufukweni. Unaona sasa kwa nini nilimhitaji bibi yake.

Jambo la tatu, niliulizia maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda sana. Wote tunakumbuka Gatumba mwezi Aprili, nyumba zikiwa ndani ya maji. Nikauliza kama ufuko wa kupigia hema bado upo. Wakaniambia upo, ila umepungua, na nisiweke hema karibu na maji. Ushauri huo naurudia kwa yeyote atakayepanga safari ya namna hii popote kwenye ziwa letu: picha uliyoonyeshwa na rafiki yako ya miaka kumi iliyopita si ufuko wa leo.

Karatasi na saa

Kutoka kwetu unapita Mabanda, unavuka Mugina, upande wa pili ni Manyovu, kisha unateremka kwa lami mpaka Mwandiga na Kigoma. Wale wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana tangu mwaka 2014 kuvukiana kwa kitambulisho cha uraia. Mpango huo hauhusu mpaka wetu na Tanzania. Beba hati ya kusafiria, ya kudumu au ile ya muda tunayoiita lesepase. Kila mtoto awe na yake, na kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukiacha karatasi ya mtoto mmoja, umeacha safari nzima.

Mifuko ya plastiki nayo iacheni nyumbani. Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Mama watoto alikuwa amefunga unga, chumvi na sukari katika vifuko vidogo vidogo, kila kimoja na fundo lake. Usiku wa kuamkia safari tulihamishia vyote kwenye makopo.

Kisha kuna saa. Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa moja. Mfanyabiashara analijua hilo, lakini anayesafiri na familia hulisahau, kwa sababu anaamka kwa saa ya nyumbani. Boti za abiria huondoka Kibirizi mchana kuelekea vijiji vya kaskazini, na huchukua saa kadhaa kufika Gombe kwa kuwa husimama njiani. Jumapili usizitegemee. Ukichelewa saa moja mpakani, umelala Kigoma.

Orodha ya mama

Hema nililipata la mtumba, pale Kigoma, kwa shilingi 70,000 za Tanzania. Nilipolifungua uani Mama alikuwa amekaa barazani akichambua maharage. Hakusema neno. Kesho yake asubuhi aliniambia jambo moja tu: “Lirudishe. Ni jeupe.”

Nilielewa. Maturubai tuliyogawiwa Mtabila yalikuwa meupe yenye maandishi ya buluu. Wiki iliyofuata nililibadilisha, nikaongeza shilingi 15,000, nikaleta la kijani. Aliligusa kitambaa, akavuta mshono, akaingia ndani, akatoka. “Hili litavuja hapa,” akaonyesha pembeni. “Tafuta mshumaa upake.”

Tangu hapo, yeye ndiye aliyeishika safari. Mimi nilikuwa nimeandika orodha yangu kwenye daftari la mauzo: hema, mkeka, mablanketi, tochi, sufuria mbili, jerikeni, kisu, kiberiti, chumvi, dawa. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Aliposikia yote, alinyamaza kidogo, akasema, “Ni vitu vilevile tulivyobeba mwaka 1993. Umesahau kamba.”

Nilirudi kuitazama ile orodha. Ilikuwa kweli. Hakuna kitu hata kimoja ambacho hakikuwa kichwani au mgongoni mwetu siku tulipokimbia.

Basi, msomaji, yafuatayo si yangu, ni ya mama aliyeishi chini ya turubai miaka 19. Hema lisielekeze mlango kunakotoka upepo. Kwa ziwa letu, wakati wa kiangazi, upepo mkali hutoka kusini. Lisikae bondeni hata kama ni kiangazi, wala chini ya tawi lililokauka. Chini weka kwanza nyasi au majani makavu, kisha mkeka, kisha blanketi, maana baridi ya usiku hutoka ardhini kuliko hewani. Kiberiti kiwe katika chupa yenye kizibo. Viatu viingie ndani usiku, na asubuhi vikung’utwe kabla ya kuvaliwa. Chakula kisilale mlipolala. Kila mtoto ajue kitu kimoja anachokibeba yeye, ili kikipotea ijulikane ni cha nani.

Kuhusu chakula, tulijua hakutakuwa na samaki. Huo mukeke, ambao Kigoma wanauita mgebuka, usingeupata kwa urahisi wakati wa kufungwa ziwa. Tulibeba unga wa muhogo, maharage yaliyochemshwa nusu ili kuokoa moto, mawese katika chupa, ndizi na karanga. Kuni za hifadhini haziguswi, kwa hiyo tulibeba jiko na mkaa. Chandarua ni lazima, pwani yote ile ina malaria.

Siku mbili kabla ya safari, nilimwona Mama anafunga kanga zake. Sikumuuliza kitu.

Wako wangapi?

Tuliondoka katikati ya Julai. Njiani kulikuwa na vumbi, na tulipofika Kibirizi nilikuwa nakohoa. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka. Nahodha alitazama maji, akatazama mzigo, akashusha magunia mawili ya saruji ya mtu mwingine ndipo akakubali kuondoka. Mwenye saruji alilalamika sana. Mimi nilishukuru. Nahodha anayepunguza mzigo ndiye wa kupanda naye. Kila mmoja wetu alivaa jaketi la kujiokolea, na ukiona boti haina majaketi ya kutosha, ngoja ya kesho. Hema lako halitaoza.

Gombe si kubwa, ni kilomita za mraba 52 hivi. Kutoka ziwani unaona milima imesimama wima, mabonde yake yamejaa msitu mzito, na juu kabisa ni majani makavu ya rangi ya simba. Tuliteremka Kasekela jua likiwa limeanza kuinama. Askari wa hifadhi alikaa mezani na daftari kubwa. Akamuuliza Mama, kwa upole kabisa: “Bibi, mko wangapi?”

Mama alisimama wima. Mkono wake ukashika bega la mjukuu. Kwa miaka 19, swali hilo lilikuwa na maana moja: idadi ya watu ndiyo kipimo cha unga. Nikajibu mimi: “Watano. Tunaondoka kesho kutwa asubuhi.” Askari akaandika tarehe ya kuingia, na pembeni yake tarehe ya kutoka. Mama akaniuliza ameandika nini pale pa pili. Nikamwambia. Akaachia bega la mtoto.

Kulitokea ubishi mdogo wakati wa kusimamisha hema. Mama alitaka kuchimba mfereji kulizunguka, kama kawaida yake. Askari akasema kuchimba hakuruhusiwi hifadhini. Mama akamwambia, “Mwanangu, mvua ikija utalala wewe kwenye maji?” Askari akamwahidi kwamba Julai haina mvua, na ikinyesha atampa kitanda chake. Wakacheka wote wawili. Haikunyesha.

Nyani ndio wenyeji wakorofi wa pale. Hawaogopi watu. Usile nje ukiwa umegeuza mgongo, na usiache hema wazi hata dakika moja. Ndizi zetu tatu zilikwenda hivyo, na mwanangu mdogo mpaka leo anasimulia jinsi yule nyani alivyomenya ganda kabla ya kula.

Kikohozi

Asubuhi ya pili ilikuwa ya sokwe, siku niliyoingoja miezi miwili. Mwongoza watalii alinisikia nikikohoa mara mbili, akaniomba radhi, akasema sitakwenda. Nilijitetea kwamba ni vumbi tu la barabarani. Akanieleza kwamba sokwe wanafanana nasi mno, na mafua ambayo kwako ni ya siku tatu yanaweza kuua wengi wao. Ndiyo maana hata walio wazima hukaa umbali wa mita kumi na hawazidishi saa moja. Nilinuna, lakini alikuwa na haki. Kwa hiyo, wewe unayepanga, jikinge na vumbi na baridi ya njiani. Usijiharibie kama mimi.

Mama watoto na binti yangu wakaenda. Walirudi mchana wamechoka, magoti yana udongo. Walikuwa wameona sokwe jike na mwanawe mgongoni, na wakapitia maporomoko ya Kakombe. Binti yangu hakunyamaza mpaka usiku.

Mimi nilibaki ufukweni na Mama na kijana wetu. Nikawasimulia habari za Jane Goodall, mwanamke wa Kiingereza aliyefika pale Julai 14, 1960 akiwa na miaka 26 kuwachunguza sokwe. Kazi yake ndiyo iliyoifanya Gombe ijulikane duniani, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya safari yetu. Nikamwambia Mama kwamba wakubwa wa wakati ule hawakumruhusu msichana kukaa msituni peke yake, basi akaja na mama yake mzazi, wakalala kwenye hema moja, na yule mama akawa anawatibu wavuvi.

“Mama yake alikubali?” akauliza.

Nikamwambia alikubali. Kisha nikamwongezea lile nililojua litamgusa. Walipofika Kigoma, walikuta mji umejaa wakimbizi. Kongo ilikuwa imetoka kupata uhuru na Wabelgiji walikuwa wanavuka ziwa kwa mashua. Safari ya kwenda Gombe ikasimama kwanza, na mama na binti yake wakasaidia kuwaandalia wakimbizi wale chakula.

Mama alikaa kimya akitazama upande wa Kongo. “Wazungu wakimbizi, Kigoma,” akasema taratibu. Kisha: “Kumbe kila mtu.”

Usiku ule haukuwa na taa ziwani. Mtu aliyezoea Tanganyika anajua kwamba usiku usio na mwezi ziwa huwaka taa za wavuvi wa dagaa kama mji. Kwa kuwa uvuvi ulifungwa, ilikuwa giza tupu, na mawimbi. Kwangu mimi kila taa ni gunia, na giza lile lilinikumbusha akiba yangu inavyopungua. Nililala vibaya. Mama alilala mpaka kulipokucha, kwa mara ya kwanza ndani ya hema, alivyosema, bila kuamka kuhesabu watoto.

Asubuhi boti ilipoonekana, alikuwa amekwisha likunja lile hema peke yake, kamba zimefungwa, mambo zimehesabiwa. Mimi nilikuwa bado napiga mswaki.

Wapo wengi wetu, waliorudi kutoka Kasulu, Kibondo au Ngara, ambao hata leo hawataki kuliona turubai. Sisemi mwende. Nasema tu kwamba kama unapanga safari ya namna hii, na ndani ya nyumba yako yuko mzee aliyeishi kambini, usimwache nyuma ukidhani unamhurumia. Muulize orodha. Mwonyeshe hati, mwambie siku ya kwenda na siku ya kurudi, umwache achague rangi ya hema.

Agosti 15 ziwa lilifunguliwa, nikarudi kwenye magunia yangu. Hema liko juu ya kabati la Mama. Mwezi uliofuata jirani alikuja kuliazima kwa ajili ya kivuli cha arusi. Mama akamwambia angeliangalia kwanza, maana kuna mahali panavuja na hana uhakika kama mwanawe alipaka mshumaa vizuri.